Fundi wa Kuua Bastola

Fundi wa Fort Worth alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Esperance alimwacha acheke. Alikuwa amesimama mbele ya kaunta na mkoba wa kitenge mkononi, viatu vya kazi bado miguuni, na kwa miaka yake saba Texas alikuwa amezoea kuchekwa na watu ambao baadaye walimpa alichotaka.

"Ngoja nikuelewe," fundi akasema. "Una Colt ya mwaka 1918. Haina ubaya wowote ila springi zimechoka. Na unatafuta mtu aiharibu."

"Sikusema aiharibu. Nimesema aiue. Ing'ae kama inavyong'aa, ifunguke, ifunge, itoe mlio wake uleule. Ila isipige risasi tena mpaka Yesu arudi."

Fundi akaacha kucheka. Akataja bei ya kuinunua, akasema atailipa sasa hivi, taslimu, na bastola ibaki pale pale kaunta. Esperance akaifunga kwenye kitambaa chake, akairudisha mkobani, akamwambia asante kwa muda wako. Huyo alikuwa wa tatu mwezi ule.

Tusiwaonee mafundi. Ombi lenyewe lilikuwa la ajabu, hasa katika mji ambao mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mkewe lakini hasahau kuipaka bunduki mafuta. Lakini Esperance naye hakuliokota barabarani.

Tangu mwanzoni mwa 2017 alikuwa akimtunza mzee mmoja aliyeitwa Harlan Pruitt, nyumbani kwake, upande wa magharibi wa mji. Alimwogesha, akampikia, akamgombeza kila alipomkuta na bekoni. Kila Jumamosi asubuhi mzee Pruitt aliketi kwenye meza ya jikoni na kuisafisha bastola ambayo baba yake alikwenda nayo Ufaransa katika vita vya kwanza. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo Esperance alishika sinia la vipande. Alilishika akiwa ameangalia dirishani. Mwisho mzee alikivuta nyuma chuma cha juu cha bastola na kukiachia, kikalia tak-tak, naye akatabasamu, siku yake ikawa imeanza.

Jumamosi moja akamuuliza kwa nini huangalia dirishani. Esperance akamwambia, maana aliulizwa. Kaka yake Heritier alisimamishwa kwenye barabara ya kwenda Baraka, kwao Kongo, mwaka 1998, na mtu mwenye bastola aliyetaka baiskeli. Heritier aliitoa baiskeli bila ubishi na bado akapigwa. Mama yao aliwasimamisha watoto waliobaki kando ya kaburi, akawaapisha mmoja mmoja: silaha inayoweza kuua haitalala ndani ya nyumba yenu, maisha yenu yote. Kiapo hicho Esperance alivuka nacho Ziwa Tanganyika, akaishi nacho kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na mitatu, akapanda nacho ndege. Binti yake Zoé alipoletewa bunduki ya maji na rafiki zake wa shule, ilimaliza saa moja tu kabla ya kuingia jalalani.

Siku ile mzee Pruitt aliendelea kusafisha. Lakini Februari 2019, wiki moja kabla ya kufa, alimwita Esperance kitandani mbele ya mwanawe Clay na mbele ya nesi, akamwekea bastola mapajani pamoja na karatasi aliyoitia saini.

"Clay ataiuza kabla maua ya kaburini hayajanyauka," akasema, na Clay alikuwa amesimama pale pale anasikia. "Katika maisha yangu wewe ndiye mtu pekee niliyemwona akiiogopa inavyostahili. Usiiache ishike kutu."

Angeweza kukataa? Labda wewe ungekataa. Katika ukoo wa kina Esperance, kitu ambacho anayeaga amekupa kwa mkono wake mwenyewe hukikatai, hukiuzi, humpi mtu mwingine. Unakitunza mpaka na wewe uage. Kwa hiyo alisema ndiyo, akatoka pale na ahadi kwa mzee Pruitt juu ya kiapo kwa mama yake, na vyote viwili vilikuwa juu ya chuma kimoja.

Akaiweka kwenye buti ya gari. Mama alisema nyumba, hakusema gari. Bastola ikaenda naye kazini, ikaenda naye dukani, Jumapili ikabaki kwenye maegesho ya kanisa wakati mwenyewe anaimba kwaya. Lakini alijua anajidanganya. Gari la Mkongo lina watu kila siku, na ipo siku mtu angefungua buti kutafuta jeki.

Mumewe Godefroid hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kulipia nyumba ya mtu mwingine, akipanga makontena usiku karibu na uwanja wa ndege, na Clay Pruitt alikuwa akipiga simu kila wiki na bei mpya.

"Mama Zoé, uzisha ile kitu," akamwambia jikoni. "Tutapata down payment, tuta-apply nyumba, c'est fini. Yule mzee alikupenda, hatakasirika."

"Sitauzisha."

"Basi mrudishie mtoto yake."

"Mtoto yake ataipeleka kwa maonyesho ya bunduki siku ileile. Itanunuliwa na nani? Itapiga nani? Niambie, Baba Zoé, uko na jina yake?"

Godefroid hakuwa na jina. Alikuwa na tarehe. Zoé angemaliza high school Jumamosi, tarehe moja Juni, wageni wangetoka mpaka Kentucky, na yeye asingebeba makreti ya soda ndani ya buti juu ya silaha. "Mpaka siku ile, kama hauna fundi, namuita Clay mimi mwenyewe."

Ndivyo Esperance alivyofika Irving, kwa fundi wa nne. Aliitwa Dale, mtu wa sauti ya chini, ndevu nyeupe, mikono misafi. Hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaigeuzageuza bastola chini ya taa, akasema inawezekana. Arudi baada ya wiki mbili.

"Naomba kiti," Esperance akasema.

"Kiti cha nini?"

"Nikae hapo karibu na meza yako. Mpaka umalize."

Sokoni Baraka, ukipeleka baiskeli kwa fundi, unakaa naye. Ukipeleka redio, unakaa naye. Unavuta kigoda, unamshikia koleo, unamsimulia habari za watu, na hutoki mpaka skurubu ya mwisho ikazwe. Sehemu ni kumchunga asikubadilishie vipande, nani atakataa? Lakini sehemu kubwa ni kwamba kazi ni ya watu wawili: fundi ana mkono, mwenye kitu ana jicho. Fundi akibaki peke yake na kitu chako, atakifanya kile anachokipenda yeye.

Dale akasema bima hairuhusu mteja kuingia karakana. Alisema kwa adabu. Esperance akasita, akatazama ile mikono misafi, akatia saini kwenye kitabu, akaondoka. Hilo ndilo kosa lake, na alilijua akiwa bado anatafuta ufunguo wa gari.

Wiki mbili baadaye Dale alitandika kitambaa cha kijani juu ya kaunta na kuiweka bastola katikati kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sikuweza," akasema. "Nilishika tupa mara tatu. Mama, hii ni kazi ya watu ambao hawapo tena duniani. Nikaona niitendee haki. Nimeiwekea springi mpya, nimeinyoosha shabaha. Nimepiga risasi hamsini, haikukwama hata moja. Sikutozi kitu."

Esperance aliitazama. Kweli ilikuwa imependeza, mzee Pruitt angelia.

"Risasi hamsini," akasema.

"Bila kukwama."

"Nilikuletea mzee aliyechoka, nikakuomba umlaze. Umenirudishia kijana." Hakupandisha sauti, na Dale akaanza kurudi nyuma kidogo. "Bastola umeitendea haki. Mimi je? Kuna mtu hapa aliyekuuliza maoni yako?"

Esperance akachukua mzigo wake, akaenda zake. Ndani ya gari alilia kwa hasira mpaka kioo kikaingia ukungu, kisha akajifuta kwa ule mkoba wa kitenge na kumpigia simu Bernadette.

Yeye na Bernadette walikuwa majirani Nyarugusu, hema kwa hema. Sasa aliuza samaki wakavu na unga wa muhogo katika duka la Waafrika kule Alief, Houston, na hakuna jambo la Alief lililompita. Alisikiliza habari yote, akacheka habari ya kijana na mzee.

"Pale jirani kuko mzee mmoja Mu-Vietnam," akasema. "Mbele ananoa visu za mabucha, nyuma anatengeneza bunduki. Leseni iko kwa ukuta. Nilimupelekea mashini yangu ya kusaga majani ya sombe."

"Na alitengeneza?"

"Alitengeneza. Lakini alinikalisha saa mbili! Kiti iko palepale mbele ya meza. Ukitaka kutoka anakukasirikia."

Esperance akawasha gari. "Nakuja Jumamosi," akasema.

Jumamosi hiyo zilikuwa zimebaki siku saba. Alitoka Fort Worth alfajiri, na alipofika Corsicana simu ikalia. Clay. Alikuwa na bei nyingine, nzuri kuliko zote, na alikuwa na furaha, kwa sababu mume wake Esperance alimwahidi kwamba tarehe moja atakuta bastola inamsubiri.

"Basi umeahidiwa na mume wangu," Esperance akasema. "Mimi sijakuahidi kitu. Tarehe moja njoo, utakula wali na kuku, binti yangu anamaliza shule." Akakata simu, na hakumpigia Godefroid, maana maneno aliyokuwa nayo kwa Godefroid hayakufaa kusemwa mtu akiwa anaendesha.

Mzee wa Alief aliitwa Thuan. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, kalamu imekaa sikioni. Aliifungua bastola vipande vyote kabla Esperance hajamaliza salamu, akavipanga juu ya gazeti kwa mstari, akavitazama kwa muda.

"Nzuri," akasema. "Kwa nini uiue?"

Esperance akamweleza: mzee Pruitt, mama, barabara ya Baraka. Alijua kufupisha sasa.

Thuan akainua kijichuma kimoja chembamba, kifupi kuliko kidole. "Hii ndiyo pini. Inagonga risasi. Naitoa, unaiweka kwenye droo. Haipigi. Dakika tano."

"Na mtu mwingine akiirudisha?"

"Itapiga."

"Basi hiyo imelala tu. Sitaki ilale."

Thuan akaanza kuvirudisha vipande mahali pake. "Tafuta mtu mwingine. Miaka hamsini watu wananiletea zilizokufa nizifufue. Kuua sijawahi."

Kiti kilikuwa palepale, kama Bernadette alivyosema, kiti cha plastiki chekundu mbele ya meza. Esperance akakivuta, akakikalia, akauweka mkoba mapajani.

"Nimesema hapana," Thuan akasema.

"Nimesikia. Nakaa."

Akakaa. Mabucha waliingia na visu vyao wakatoka navyo. Mtu mmoja alileta bunduki ya ndege, naye akapewa ndoo aikalie kwa sababu kiti kilikuwa na mwenyewe. Thuan alinoa, akapiga tupa, akapita mbele ya Esperance kana kwamba alikuwa kabati. Saa sita mchana Esperance akafungua chakula alichofungiwa na Bernadette, samaki wa kukaanga na kwanga, mkate wa muhogo uliofungwa majani, akakigawa mara mbili kwenye majani yake, akasukuma nusu upande wa pili wa meza. Hakumwuliza kama ana njaa. Thuan alikiangalia, akanawa mikono, akala, akachambua mifupa yote akaipanga kwa mstari.

"Nilikuwa fundi wa silaha wa jeshi," akasema alipomaliza. "Da Nang. Miaka sita. Nilitengeneza nyingi sana." Akafuta vidole kimoja kimoja. "Nilikuwa hodari. Hakuna hata moja iliyorudishwa na malalamiko."

Esperance alikunja majani ya chakula. Alijua malalamiko hayo yalikwenda kuzikwa wapi, na aliona kwamba mzee naye anajua.

Thuan akasimama, akageuza kibao cha mlangoni kionyeshe duka limefungwa, akateremsha pazia. Akarudi mezani na kuwasha taa kubwa.

"Sogeza kiti," akasema.

Kazi ilichukua mchana mzima. Alichonga kipande cha chuma kigumu, akakijaribu kwenye mtutu, akakipunguza, akakijaribu tena, mpaka kikaingia kwa kubanana kutokea ndani, mahali ambapo risasi hukaa, akakichomelea humo. Akaliziba kwa kuchomelea lile tundu dogo ambamo pini hupitia, kisha akalisawazisha kwa tupa ndogo na pumzi iliyobanwa. Kila hatua alimwonyesha Esperance na kungoja atikise kichwa. Nje hakugusa hata kwa ukucha. Mara moja tu alisimama, akasema ni dhambi, ni kazi nzuri sana hii, na Esperance akamwambia ndiyo, ni nzuri, endelea.

Ilipobaki pini, akaibana kwenye vaisi ya mezani, akampa Esperance msumeno mdogo wa chuma.

"Hii ni yako," akasema. "Mimi nimeshafanya yangu."

Esperance hakuwahi kukata chuma maishani mwake. Msumeno ukateleza mara mbili, mara ya tatu ukashika. Alikata polepole, meno yameumana, na hakuangalia dirishani. Pini ilipodondoka vipande viwili juu ya gazeti, alijisikia kuwa mrefu. Ndivyo alivyomweleza Bernadette jioni ile, kwamba alijisikia kuwa mrefu, na Bernadette hakumtania.

Usiku huohuo alirudi Fort Worth, na kwa mara ya kwanza hakufungua buti. Alitembea na mkoba wake mpaka mlangoni. Godefroid, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini, akasimama katikati ya mlango.

"Hiyo kitu haiingie humu. Kiapo ni chako, si mimi niliapa, lakini nakijua."

Esperance akafungua kiganja. Vipande viwili vya pini vilikuwa vimemwachia alama kwenye ngozi, kwa jinsi alivyovishika.

"Na Clay? Nimeshamuahidi, Mama Zoé."

"Ulimuahidi bastola. Tulikuwa nayo asubuhi. Sasa hatuna."

Godefroid alivitazama vile vipande. Akafikiria nyumba, bila shaka, na vyumba vyake vitatu, na kijibustani nyuma. Akashusha pumzi, akasogea, akampisha apite.

Clay Pruitt alifika tarehe moja Juni asubuhi, saa nyingi kabla ya wageni, na hundi mfukoni mwa shati. Jikoni kulikuwa na masufuria kila mahali na harufu ya vitunguu. Esperance akamkaribisha mezani, akafungua kabati, akamwekea bastola mbele yake juu ya kitambaa.

Clay aliishika kama mtu aliyekatazwa kuishika utoto wake wote, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Akakivuta chuma cha juu nyuma, akakiachia. Tak-tak. Akafumba macho. Akafanya tena.

"Kila Jumamosi," akasema. "Nilikuwa naamka kwa sauti hii."

Halafu akaielekeza dirishani apate kuona mwanga kupitia mtutuni, kama baba yake alivyokuwa akifanya, na mwanga haukupita. Akaigeuza. Akaingiza kidole, akakutana na chuma. Uso ukamwiva mpaka masikioni.

"Umeiua," akasema. "Ilimaliza miaka mia moja. Ilitoka vitani. Baba yangu alikuamini, na wewe umeiua."

Mlangoni Godefroid alikuwa ameshika bakuli la nyanya, hajui aliweke wapi. Esperance alikausha mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akaketi mbele ya Clay ana kwa ana.

"Ndiyo," akasema. "Nimeiua mimi, kwa mkono huu. Nimezika watu wengi, Clay, na kila mara bastola ndiyo iliyobaki hai. Mara hii imekufa bastola, watu wamebaki. Ukitaka kwenda mahakamani nenda, nitaivaa nguo yangu ya kanisani na kuyasema hayahaya."

Clay alibaki na bastola mikononi, na hundi ilikuwa imechungulia mfukoni mwake bila kazi yoyote. Alifanana sana na baba yake alipokasirika. Hakusimama.

Esperance aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Akainuka, akaleta kopo la mafuta, kitambaa na lile sinia la jikoni kwa mzee Pruitt, ambalo hakuna mtu aliyelitaka siku ya kugawana vitu. Akaichukua bastola kutoka mikononi mwa Clay, taratibu, akaanza kuifungua.

"Nilimwahidi haitashika kutu," akasema. "Shika sinia."